Farasi Aliyekula Maua ya Plastiki

Bwana Sherehe alikuja kwangu asubuhi moja kunituhumu wizi wa maua. Alisimama mlangoni na suti yake ya rangi ya maziwa, ile anayoivaa hata siku ya kusimamia watu wakisugua masufuria ya ukumbi wake, akasema, "Mama Vitambaa, lile tao la maharusi limebaki waya mtupu. Mawaridi yote yamekwenda. Na mtu wa nje anayeingia stoo yangu ni wewe tu."

Kuingia nilikuwa naingia, sikatai. Mimi ndiye ninayeshona nguo za viti vyake: vile vifuniko vyeupe na utepe wa kufungwa nyuma, vinavyokifanya kiti cha plastiki chenye ufa kionekane kimezaliwa kwenye ukoo. Nyumba yangu na ukumbi wake vimepakana ukuta kwa ukuta. Lakini mimi huishia chumba cha mbele cha stoo. Naweka furushi langu, naondoka.

"Mawaridi ya plastiki niyapeleke wapi, shemeji?" nikamuuliza. "Niyapike?"

Wifi yangu alikuwa kwenye kigoda anamenya viazi. Huyu ni dada wa mume wangu, alikuja kutusalimia mwaka juzi na bado anasalimia. Akasema bila kuinua kichwa, "Muulize farasi wake. Kwani yule naye siku hizi anakula nini?"

Bwana Sherehe akacheka, kile kicheko chake cha kupokea wageni. Halafu kikakatika chenyewe. Nadhani ndipo alipokumbuka kwamba ana farasi.

Tukaenda wote watatu. Nyuma ya stoo, ukipita marundo ya viti na vyuma vya mahema, kulikuwa na turubai limening'inizwa kama pazia. Akalivuta. Nimeona wagonjwa wengi maishani, nyumba yangu haikosi mgonjwa wala mzazi, lakini sijaona kiumbe kilichobaki mbavu na macho namna ile. Kwato zilikuwa zimerefuka hadi zikajikunja kwa mbele kama makubazi ya zamani. Ngozi imeota vidonda pale alipojiegemeza ukutani. Ndoo ya maji ilikuwa kavu na ndani yake buibui kajijengea; alichokuwa akilamba ni bomba linalovuja ukutani. Lile tao lilikuwa limeegemezwa pale kamba yake inapofika, na chini, ndani ya kinyesi, mawaridi yetu: vipande vyekundu na majani ya kijani, rangi haijapauka hata kidogo. Hilo nitalisifia. Maua yale yalikuwa ya ubora.

"Sultani," Bwana Sherehe akaita, kama mtu anayekutana na rafiki wa shule.

Sultani hakugeuka.

Farasi huyu alinunuliwa enzi zile kila bwana harusi alipotaka kuingia ukumbini amepanda mnyama. Akawekwa uwanja wa mbele, akatiwa shanga kwenye singa, wapita njia wakapiga naye picha. Halafu ikaja fasheni ya magari meupe marefu, na Sultani akahamishiwa nyuma kwa muda tu. Kijana aliyekuwa akimlisha akaacha kazi akaenda kuendesha pikipiki. Bwana Sherehe alikusudia kutafuta mwingine. Alikusudia sana. Mtu akikusudia kwa kiwango kile hana tena nafasi ya kufanya.

"Usinitazame hivyo," akaniambia tulipotoka nje. "Mimi nina ukumbi wa kuendesha. Kama mnamwonea huruma mchukueni, nimeshachoka naye. Atakuja kunifia hapa nianze kutafuta wa kumfukia."

Aliyasema hayo kwenye geti lake, kwa sauti yake ya kipaza sauti, na upande wa pili wa njia ndipo alipo kinyozi. Mlango wa kinyozi haufungwi. Walitoka watu wanne na nusu. Huyo nusu alikuwa amenyolewa upande mmoja.

"Nimchukue kabisa?" nikauliza, ili wasikie.

"Kabisa. Ila kamba niachie. Kamba ni yangu."

Akaivua kamba shingoni mwa farasi kwa mkono wake mwenyewe, akaikunja vizuri, akaitia kwapani. Nikarudi ndani, nikachukua tepe tatu za viti, nyeupe, za hariri ya bandia, nikazisuka. Ndizo nilizomtolea farasi yule pale: anayumba, anachechemea, na shingoni ana utepe wa harusi. Kutoka geti hadi geti ni hatua chache, lakini tulikwenda hadi chai ikapoa nyumbani.

Mume wangu ni fundi wa mageti, mtu wa maneno machache. Alimtazama farasi, akanitazama mimi, akaenda kuhamisha vyuma vyake kwenye kile kibanda cha uani. Nikamwita mgonjwa wetu Mgeni, maana kwa jina la Sultani alikuwa hajafaidi kitu.

Daktari wa mifugo alikuja alasiri. Mara ya mwisho kugusa farasi alikuwa bado mwanafunzi, na alilisema wazi, nikampenda kwa hilo. Akampigia simu mwalimu wake aliyestaafu, akaiweka kwa sauti ili naye atumie mikono yote miwili, na ua mzima ukanyamaza kusikiliza. Mzee yule akasema, "Majani makavu, yaloweke, umpe kidogo kidogo mchana kutwa. Pumba marufuku. Nafaka marufuku. Mnyama aliyekonda hivyo ukimpa shibe moja tu, atakufa na shibe hiyohiyo. Umenielewa wewe mama unayepumua karibu na simu?"

Nikasema nimeelewa.

Kuelewa si kazi. Kazi ni kwamba nyumba yangu haijawahi kumtoa mtu na njaa. Fundi akija kuziba bomba anakula. Mdai akija kudai anakula kwanza, na mara nyingine anasahau alichofuata. Sasa nikawa na mgeni mwenye njaa kuliko wote waliowahi kukanyaga kwangu, na dawa yake ni kunyimwa.

Mtaa nao ukaja. Wote waliokuwa wakipita kwenye ule ukuta wa ukumbi wakiziba pua, leo wana uchungu na wanyama. Jirani wa kona, ambaye mbwa wake anakula kwangu, alilia machozi mbele ya kamera ya simu yake, akatazama kama yametokea vizuri, akalia tena. Mwingine alileta mkate mzima. Mwingine mfuko wa mahindi. Mwalimu wa kwaya alileta keki iliyobaki kwenye kipaimara cha mtu. Niliihamisha cherehani yangu nikaiweka getini, nikawa nashona huku napokonya.

"Mama Vitambaa amekuwa mchoyo," nikawasikia kwa kinyozi. "Farasi wa watu anamkondesha makusudi ili watu waje wamhurumie yeye."

Niliwajibu palepale, sindano mkononi, kwamba aliyemkondesha anavaa suti, na mlango wake wanaufahamu, mbona hawakumpelekea yeye keki? Walicheka. Kinyozi akasema, "Yule angeila."

Lakini adui hakutoka nje. Mama mkwe wangu hajawahi kukubali kwamba daktari anajua kitu ambacho yeye hajui. Siku nilipokwenda kupeleka vifuniko ukumbini, alichota pumba za kuku beseni zima, akatia maji ya moto na chumvi, akampelekea Mgeni. Niliporudi beseni lilikuwa jeupe kama limeoshwa.

"Amekula kwa adabu," mama mkwe akasema. "Mlikuwa mnamuua kwa njaa."

Kabla jua halijasogea, tumbo likamvimba. Akawa anaparua chini kwa kwato, anageuza shingo kutazama ubavu wake kama anayeulizia kuna nini humo, jasho linamchuruzika. Akataka kulala ajigaragaze. Daktari alikuja mbio, akampitisha mpira puani, akamimina mafuta, akasema atembezwe, asiachwe alale. Tukamtembeza kuuzunguka ua, kwa zamu: mume wangu, wifi, kinyozi na aproni yake ya nywele, na mimi. Wale wenye mikate na simu zao sikuwaona. Mama mkwe alikaa kizingitini, mikono mapajani.

Jioni, Mgeni alisimama, akainua mkia, akatoa mzigo. Ua mzima ulishangilia kama timu yetu imefunga. Wifi akasema hajawahi kumwona kaka yake akicheka kiasi kile, hata siku ya harusi yetu, na mimi nikamwambia ya harusi ayaache.

Mama mkwe hakuomba radhi kwa mtu. Alisema mchuzi wangu umezidi chumvi, akaenda kulala. Asubuhi nikamkuta amekaa getini karibu na cherehani, fimbo mkononi. Toka hapo hata kipepeo hakupita na kitu mdomoni. Mwalimu wa kwaya alifukuzwa na karoti moja.

Basi Mgeni akapona, kwa mwendo wa mgonjwa wa kweli, si ule wa kwenye hadithi: leo afadhali, kesho kanuna. Daktari alimkata kwato kidogo kidogo, na mume wangu akazisawazisha kwa tupa yake ya mageti, taratibu, kama anasugua kidole cha mtoto. Vidonda vikafunga. Manyoya mapya yakatoka ya rangi ya kahawa, yanang'aa. Tukagundua kitu kimoja: nyumba ikinyamaza, Mgeni hali chakula. Tukipiga soga anatia kichwa dirishani anatafuna, sikio moja kwa wifi na lingine kwangu. Kama angekuwa na ulimi wa kusema, mtaa huu ungekwisha.

Habari za kung'aa kwake zikavuka ukuta. Siku moja mchana, sebule imejaa, uani kumejaa, Bwana Sherehe akaingia na suti ya maziwa, na nyuma yake mke wa mwenye duka la simenti, mama mnene mtulivu aliyekuwa akitafuta ukumbi wa kumwozea mwanawe. Mkononi mwa Bwana Sherehe kulikuwa na ile kamba, imekunjwa vilevile.

"Huyu hapa Sultani wangu," akamwambia yule mama. "Nilimleta kwa hawa majirani apumzike kidogo. Mwanao ataingia naye kama mfalme. Leo namrudisha kwake."

Nikalisimamisha gurudumu la cherehani. Nilijua akitoka hapa anakwenda kubeba bwana harusi mmoja, kisha anarudi nyuma ya turubai. Nilijua pia kwamba aliyemnunua ni yeye, na mimi nilichopewa ni maneno tu. Nikimkatalia atakwenda kwa askari, na ameshaanza siku nyingi kuniita mwizi. Mume wangu aliweka chini nyundo. Nikamtazama kwamba atulie.

"Karibuni mkae," nikasema. "Wifi, mletee mama chai. Ni kweli alimleta apumzike. Alikuwa amechoka kula maua."

"Maua gani?" mke wa mwenye simenti akauliza.

"Ya tao la maharusi," wifi akasema akimpa kikombe. "Yale mekundu. Ya kijani alikuwa anamalizia."

"Utani wa majirani," Bwana Sherehe akasema.

"Utani mtupu," kinyozi akadakia kutoka mlangoni, na palepale akasimama kama Bwana Sherehe, kifua mbele, mkono mmoja kwapani. "Kabisa. Ila kamba niachie. Kamba ni yangu." Sauti ileile, hata kikohozi. Yule aliyekuwa nusu siku ile, leo kanyolewa mzima, akasema ndivyo, alisikia kwa sikio lililokuwa halina povu.

Yule mama hakucheka. Alikunywa chai, akamtazama farasi, akaitazama kamba. Akauliza jambo ambalo mama yeyote angeuliza. "Huyu akirudi kwako anakula nini?"

"Pumba," Bwana Sherehe akajibu haraka, kama mtu aliyepata swali analolijua. "Beseni zima. Chakula kwangu si tatizo."

  Mama mkwe akainuka na fimbo yake. Nikajua hili limeshanitoka mikononi.

"Pumba," akasema. "Beseni."

"Ndiyo, mama."

"Na umefuga farasi miaka yote hiyo." Alimzunguka polepole kama tulivyokuwa tukimzungusha Mgeni. "Mwanangu, mimi ni mjinga, na ujinga wangu umetembezwa ua huu mchana kutwa mpaka ukatoka nyuma. Wewe wako uko wapi? Umeuvalia suti."

Hakuna neno lingine alilowahi kulisema juu ya beseni lile, wala sijamdai.

Mke wa mwenye simenti aliweka kikombe. "Mwanangu ana miguu," akasema. "Ataingia nayo. Na huo ukumbi, kabla sijakubali, nitaomba unionyeshe stoo kwanza. Ya nyuma."

Bwana Sherehe akatutazama mmoja mmoja, akatafuta kicheko chake cha wageni, hakikupatikana. Bila harusi, farasi alikuwa tena mdomo wa kulisha na mwili wa kufukia. "Mimi nilitaka kuwapunguzia mzigo tu," akaniambia. "Kama mmemzoea, mbakizeni. Kabisa."

Watu hupewa kitu mara moja. Mimi nimepewa farasi yuleyule mara mbili, na mtu yuleyule, na mashahidi walewale.

Alitoka kwa haraka akimfuata yule mama, anamweleza habari za viti. Kamba aliisahau juu ya cherehani. Tulikaa siku kadhaa tukitarajia aifuate, maana tunamjua. Hakuja. Sasa nimeifunga kutoka kibandani hadi dirisha la wifi, naanikia vifuniko, na Mgeni akiwa na njaa anavuta vya pembeni. Vikiwa vya Bwana Sherehe, namwachia Mgeni avute.