Jukwaa Juu ya Choo cha Mama Ruwayda

Watu wanne walifika asubuhi, nyuso wamezifunika, na kamba ya kupimia mkononi, wakamwarifu Itidal kwamba hema lake limekaa katikati ya jukwaa.

"Jukwaa gani?" Itidal akauliza. Alikuwa amechutama anapuliza moto wa vipande vya kabati, na dengu zake zilikuwa hata hazijaanza kutokota.

"Litakalojengwa."

"Basi hilo ndilo litakalokaa katikati ya hema langu. Mimi nimetangulia."

Kwa kawaida Itidal hakuwa mtu wa maneno. Kabla ya vita alikuwa msusi wa maharusi mjini Gaza, na msusi wa maharusi mwenye ulimi hadumu kazini. Lakini alikuwa amehamishwa mno. Kutoka nyumbani hadi shuleni, kutoka shuleni hadi ufukweni, kutoka ufukweni hadi hapa Deir al-Balah, kwenye kiwanja kilichokuwa maegesho ya ukumbi wa harusi, ambao sasa ulikuwa umelala kifudifudi. Kila aliyemhamisha alikuwa na sababu nzuri. Wengine walizidondosha sababu zao kutoka angani, zimechapwa kwenye karatasi kwa Kiarabu fasaha.

"Mama, thi hiari yetu," akasema yule mwenye kamba, kwa kithembe. "Jumamothi mateka wa Kiithraeli anakabidhiwa hapa. Akitoka yeye, na wafungwa wetu wanatoka. Hutaki mume wako atoke?"

Itidal akaacha kupuliza. "Nani kakwambia mume wangu kafungwa?"

"Watu wanathema."

"Watu gani? Wewe si Murshid, mtoto wa Mama Basil wa mtaani kwetu? Dada yako nilimsuka mimi siku ya harusi yake."

"Mimi thimjui huyo Murthid," akasema Murshid.

Mama mkwe wake Itidal, Hajja Fahima, akachomoza kichwa hemani. Sikio lake moja lilikuwa limekufa tangu mwaka jana, lakini lililobaki lilimtosha. "Murshid! Vua hicho kitambaa mwanangu, utaota vipele. Ngozi yako ni ile ile ya utotoni."

Wale wengine watatu wakageuka kutazama bahari, ingawa pale bahari haikuonekana.

Basi hema likang'olewa. Lazima isemwe kwamba vijana wale waliling'oa kwa adabu, na Murshid mwenyewe ndiye aliyembeba Hajja Fahima pamoja na godoro lake, Hajja akimwelekeza njia kwa fimbo. Wakalisimika tena nyuma ya mahali pa jukwaa, ubavuni mwa vipaza sauti.

"Jambo moja," akasema Itidal walipoanza kushusha mbao. "Hapo mnaposimamisha nguzo ya kulia, kuna shimo la choo chetu."

"Choo gani? Thioni choo."

"Huwezi kukiona. Nimekifunika bati na mchanga, kwa ajili ya nzi."

"Mama, tuna mhandithi," akasema Murshid, na nguzo ikasimamishwa.

Ni kweli mumewe alikuwa kifungoni. Shawqi alikuwa dereva wa lori la mitungi ya gesi, mtu mnene, mcheshi, asiyejua kunong'ona. Siku walipokuwa wakihama kwenda kusini, askari wa Israeli kwenye kizuizi alimwita kwa kidole kutoka kwenye foleni, akamwamuru avue viatu na kupiga magoti pamoja na wanaume wengine. Itidal aliambiwa asonge mbele. Akasonga, viatu vya mumewe mkononi, akidhani ni suala la dakika chache. Toka siku hiyo hakupata habari yake, ila mtu mmoja aliyeachiwa alisema walilala naye kwenye zizi moja huko jangwani, na kwamba alikuwa hai, na kwamba hachekeshi tena.

Siku ile, pale kwenye kizuizi, binti yao wa pekee, Ruwayda, alikuwa amemshika mama yake mkono. Aliuawa miezi kadhaa baadaye, kwenye foleni ya mkate, pamoja na waliokuwa mbele yake na waliokuwa nyuma yake. Kombora lilitoka baharini. Tangu hapo majirani walishindwa kujua wamwite Itidal nani. Wengine waliendelea na Mama Ruwayda, halafu wakajiuma ulimi. Wengine walisema "mama" tu, wakainamisha kichwa. Yeye alipenda Mama Ruwayda. Lakini hakuwaambia, maana angeanzaje?

Na Shawqi hakuwa akijua.

Binamu aliyekuwa Ramallah alipiga simu Ijumaa: jina la Shawqi limetajwa katika watakaotoka. Itidal akashukuru, lakini hakukimbia kufua shuka. Jina hilo lilitajwa wiki iliyopita pia, jina likatoka, mwenye jina akabaki.

Jumamosi watu walijaa kiwanjani kama siku ya Idi. Kulikuwa na bendera, nyimbo, watoto juu ya vifusi, na muuza karanga. Kipaza sauti kilikuwa kikinguruma kiasi kwamba kifuniko cha sufuria kilicheza chenyewe. Hajja Fahima aligeuzia kelele lile sikio lililokufa, akaendelea kuchambua majani ya khubeza, mboga ya porini.

Gari dogo likaja kwa nyuma, likasimama karibu kabisa na hema. Akateremshwa mtu mmoja. Mbele bado hawakuwa tayari, kwa sababu kamera moja ilikuwa imezima, basi wakamsimamisha hapo hapo, kati ya hema na jukwaa, na Murshid akaachwa amlinde.

Itidal alikuwa amejiandaa kumchukia. Alikuwa na sababu, tena hakuhitaji kuzitafuta. Lakini aliyesimama pale alikuwa mzee wa miaka sitini na kitu, mweupe kama mshumaa, suruali mpya imefungwa kamba ili isimvuke. Jicho la kazi likamtangulia: nywele zile zilikuwa zimekatwa jana au juzi, tena na mtu asiyejua kukata. Mtu huyo alianza upande wa kushoto, akakata tamaa kabla hajafika wa kulia. Mzee akaishika kamba ya hema ili asianguke.

"Mpe kiti," akasema Hajja Fahima.

"Hatuna kiti, mama."

"Basi mpe ndoo."

Itidal akaigeuza ndoo, akaisukuma kwa mguu. Murshid akatazama huku na huku. "Mama Ruwayda, hairuhuthiwi..."

"Nani Mama Ruwayda? Si ulisema wewe si Murshid?"

Mzee akakaa. Kisha akasema, kwa Kiarabu cha shambani, kile ambacho wenye mashamba wa ng'ambo ya uzio walijifunza kwa vibarua wao wa Gaza: "Maji, ukinifadhili, dada."

Akampa. Mzee alikunywa kidogo kidogo, kwa mazoea ya mtu ambaye hajui kama atapewa tena.

"Walikuwa wanakulisha?" Itidal akauliza. Hakukusudia kuuliza, ulimi ulimponyoka.

"Siku nyingine."

"Hata sisi, siku nyingine."

Mzee akatikisa kichwa. Akamtazama Hajja Fahima na majani yake, akayatazama matundu ya hema, akatazama ukumbi wa harusi ulivyolala. Ilionekana hajawahi kuyaona haya. Alikokuwa hakukuwa na dirisha. "Yote iko hivi?" akauliza.

"Hapa ndipo pazuri," akasema Itidal.

Mbele, mtu wa kipaza sauti alikuwa akihesabu moja mbili, moja mbili.

"Una mke?" Itidal akauliza.

Mzee akafikiri kwa muda mrefu, kana kwamba ameulizwa hesabu ngumu. "Sijui," akasema. "Asubuhi ile walipokuja, alikuwa jikoni. Mimi walinitoa kwa mlango wa mbele."

Itidal akachukua kikombe kutoka mkononi mwake. Alitaka kusema kwamba yeye hakuwatuma. Alitaka pia kumwambia kuhusu foleni ya mkate, amweleze yote, tangu alivyoamka Ruwayda siku ile hadi alivyomtambua kwa soksi. Maneno yote mawili yalitaka kutoka kwa mlango mmoja, yakakwama.

"Mimi nina mume," akasema mwishowe. "Na mimi sijui. Wewe ukitoka, huenda naye atatoka."

"Basi na nitoke upesi," akasema mzee, akajaribu kuinuka, na Murshid akamshika kwapani.

Wakampandisha. Watu wakapiga kelele. Akapewa cheti na mfuko wa zawadi, akaambiwa apunge mkono, akapunga. Mpiga picha akataka asogee upande wa kulia, palipo na mwanga. Akasogea, na wanne waliojifunika wakasogea naye, na hapo nguzo ya kulia ikaanza kushuka. Haikuanguka. Ilishuka taratibu, kwa heshima, mpaka jukwaa likainama kama sinia linalomiminwa, na harufu ikapanda. Mateka na walinzi wake wakashikana viunoni wasiporomoke. Kisha bibi mmoja akaanza kucheka, na kicheko kikasambaa hadi kwenye vifusi, na Itidal, aliyekuwa hajacheka tangu ile foleni, akauziba mdomo wake kwa mtandio wa kichwani akihofia asingeweza kuacha.

Wakamshusha mzee haraka. Magari meupe ya Msalaba Mwekundu yakamchukua. Alipopita, ameketi dirishani mwa gari, hakumtazama mtu yeyote. Alikuwa akitazama mbele tu.

"Niliwaambia," Itidal akamwambia Murshid.

"Mama, nakuomba," akasema Murshid, buti mkononi.

Adhuhuri ilipopita, Itidal na Hajja Fahima walipanda mkokoteni wa punda kwenda hospitali ambako mabasi ya wafungwa yangefika. Itidal alimsihi mama mkwe abaki. Hajja akauliza kama Itidal ndiye aliyemzaa Shawqi. Mambo yakaishia hapo.

Mabasi yalichelewa. Yalipofika, watu waliyavamia kabla hayajasimama. Walishuka wanaume waliovaa mavazi ya kijivu ya aina moja, vichwa vimenyolewa, wengine wamebebwa. Wanawake waliinua picha. Kila mfungwa alizitazama picha zile kwa woga, maana wote waliokuwa pichani walikuwa wanene.

Basi la kwanza, hakuna. La pili, hakuna. Katika la mwisho alishuka mtu mrefu, mkavu, shingo nyembamba kama ya kuku wa majira ya njaa, akasimama ngazini akiwa ameweka mikono mgongoni ingawa hakuna aliyeifunga.

"Huyo," akasema Hajja Fahima.

"Siye, mama."

"Nimemzaa mimi. Shawqi! Toa mikono mgongoni, umefika."

Yule mtu akageuka. Sauti alikuwa ameitambua. Alikuja akitembea kwa hatua fupi, kana kwamba bado ana mnyororo, akambusu mama yake kichwani, mkononi, tena kichwani. Alipofika kwa Itidal alisimama. Walitazamana kama watu walioletewa mzigo usio wao lakini wenye anwani yao. Kisha Shawqi akanong'ona, yeye ambaye hakujua kunong'ona: "Umekonda, mke wangu."

"Jione wewe," akasema Itidal, akamshika mabega, akahisi mifupa, akazidi kushika.

Wakamketisha kwenye mkokoteni. Shawqi akauliza habari za nyumba. Itidal akasema nyumba haipo. Akauliza lori. Lori halipo. Akauliza kaka yake Nimr, na Hajja Fahima akasema, "Mungu amrehemu, na mkewe pia." Kila jibu Shawqi alilipokea kwa kutikisa kichwa, kama mtu anayeagiza vitu dukani na kuambiwa vimeisha. Alikuwa akizunguka. Itidal alijua anazunguka nini, na Shawqi alijua kwamba amejua, kwa sababu ni nani aliyekosekana kwenye mkokoteni ule?

Punda akatembea.

"Ruwayda yuko hemani?" Shawqi akauliza.

Itidal alikuwa ameyapanga maneno haya kwa muda mrefu, mengine mazuri kabisa, yenye Mungu ndani yake na subira. Hakuna hata moja lililokuja. "Alikwenda kuchukua mkate," akasema.

Shawqi akangoja sehemu iliyobaki. Akangoja sana. Halafu akaelewa kwamba ndiyo yote.

Hakulia. Aliikunja na kuikunjua mikono, akaitazama. "Amezikwa wapi?"

"Nyuma ya shule. Si mbali."

"Nipelekeni."

Mwenye mkokoteni akasema kwa upole kwamba hawakupatana kwenda huko, na kwamba punda amechoka.

"Punda amechoka!" akasema Hajja Fahima. "Mleteeni kiti."

Mkokoteni ukageuka.

Kaburi lilikuwa katika safu ya makaburi mengine, yamebanana, na juu yake tofali lenye jina alilolipaka Itidal kwa rangi ya kucha, iliyosalia katika vitu vyake vya kazi. Shawqi akachuchumaa. Akalisoma jina. Akaondoa jani lililokuwa limeanguka pale, akakosa pa kulitupa, akaliweka mfukoni. Kisha akainua viganja akaanza kuisoma sura ya Alhamdu. Alifika "Maliki yaumiddini", akasimama. Akarudi mwanzo, akafika pale pale, akasimama tena. Midomo ilitafuta, macho yakamtoka, na hofu ikamwingia usoni, hofu ambayo hata kule basini hakuwa nayo.

"Imepotea," akasema. "Itidal, imepotea."

Itidal akapiga magoti karibu naye. "Iyyaka naabudu," akasema, polepole, kama anavyofundishwa mtoto, na Shawqi akaifuata, aya kwa aya, mpaka mwisho, na Hajja Fahima akaitikia amina kutoka mkokotenini. Wakaanza tena. Mara ya tatu aliisoma peke yake.

Kisha mwenye punda akaja, kofia mkononi, kuuliza kama watakaa sana.

"Tutakaa," akasema Shawqi.

Mwenye punda akasema basi hapana neno, akaenda kumfungua punda ale majani yaliyoota kando ya ukuta.