Kuku wa Jenoveva

"Kuku ameatamia," Jenoveva alisema, akiwa amesimama katikati ya mlango wake, mkono mmoja umeshika mwimo huu na mwingine mwimo ule. "Chini ya kochi, Yunis. Hapo hapo sebuleni! Mtu akipita tu, anayaacha mayai. Unamjua yule kuku wangu mwekundu alivyo na kiburi."

Yunis alitua kapu lake kizingitini. Ndani mlikuwa na vitambaa vya mezani na vya makochi, amevifua, amevipiga pasi ya mkaa, amevikunja kimoja kimoja. Alikuwa ametoka kwake umande haujakauka, akapanda kilima cha Kwai katika gauni lake la kanisani, kwa sababu leo ndiyo ilikuwa siku ya kikao. Siku yenyewe aliichagua Jenoveva kwa kinywa chake. Sasa kuku.

"Basi si tukae uani, dada Jenoveva?"

"Uani?" Jenoveva aliutazama ua wake, mkavu, umefagiwa, jua limetulia juu yake. "Uani kuna upepo, mwenzangu. Mbaya huo, unaingia kifuani. Tungoje vifaranga watoke, nitakuita mwenyewe."

Yunis alicheka, maana jambo lenyewe lilikuwa la kuchekesha, akajitwisha kapu na kuaga vizuri. Alipofika njiapanda akamkuta kuku mwekundu wa Jenoveva anachakura samadi, mzima wa afya, hana habari ya yai wala kochi. Wakatazamana. Hapo kicheko kikamwisha Yunis.

Vikao hivyo vya chai havikuwa jambo geni pale Kwai. Mama mmoja wa misheni ndiye aliyevianzisha, Uhuru ulipokuwa bado mbichi, akawafundisha mabinti kudarizi na kuuza bila duka. Mwenyeji anawaita majirani, anapika chai. Mwenye vitambaa anavitandaza juu ya magoti ya watu, na aliyependa anachukua, analipa kwa mayai au kibaba cha maharage. Mwenyeji naye hupewa kimoja cha shukrani. Baadaye vikaja vijiji vya ujamaa na duka la kijiji, maduka ya watu binafsi yakafungwa, ila vikao havikuguswa. Nani atamkataza mtu kunywa chai kwa jirani yake? Yunis alikuwa na mkono mzuri kuliko wote. Kwenye mifuko ya unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano wa msaada wa mwaka wa njaa, alikuwa akidarizi maua, na chini ya maua maneno: Karibu Mgeni.

Lakini safari hii Yunis hakuwa akitafuta mayai wala maharage. Alikuwa akitafuta watu.

Nathanaeli, mume wake, alikuwa amefariki kabla ya masika, kifua kilekile kilichomsumbua tangu ujana, na hakumwachia mtoto. Arobaini haikuwa imepoa vizuri, shemeji yake Kornelio akaanza kupita nyuma ya nyumba akipima ua kwa hatua. Alikuwa na kijana wake anayetaka kuoa, na nyumba ya marehemu kaka ilikuwa na bati zuri. Neno likafika kwa mzee Mikaeli, baba mkubwa wa Nathanaeli na mkuu wa ukoo wao. Mzee Mikaeli hakuwa mtu mbaya. Alimwita Yunis, akamkalisha, akamwambia taratibu:

"Mwanangu, mke mwenye mtoto hushikwa na mtoto wake. Asiye na mtoto hushikwa na majirani. Jumapili ya Mavuno, baada ya ibada, ukoo utakaa. Niletee wanawake watatu wa hapa Kwai waseme mbele yetu, 'Huyu ni mwenzetu, mwacheni.' Watatu tu. Nikiwasikia hao, Kornelio atanyamaza, nami nitahakikisha. Usipowaleta, itabidi urudi kwenu Mtae."

Watatu tu! Yunis alirudi nyumbani anaimba. Jenoveva alizaliwa mlango wa pili na Nathanaeli. Esta waliimba naye kwaya, sauti ya pili, benchi moja. Rehema, ambaye mume wake alikuja zamani kutoka mbali kuchuma chai na akaishia Kwai kukamua ng'ombe, alikuwa amekaa naye msibani hadi wengine wote walipoondoka. Watu alikuwa nao. Kilichobaki kilikuwa kuwaomba.

Na hapo ndipo penye kazi. Kule milimani, hasa kwao Mtae alikokulia, ombi zito halitangulii kikombe. Unaingia, unakaa, unaulizwa habari za nyumbani, unakunywa, unaisifu chai, kikombe cha pili kikifika nusu, ndipo unasema, "Nilikuja na neno." Kuomba ukiwa umesimama mlangoni ni kumkaba mwenzako koo. Mama yake alikuwa akisema ombi la mlangoni ni la mwizi au la mwendawazimu. Zaidi ya hayo, mambo ya ukoo hayamwagwi njiani. Basi Yunis akafufua vikao vya vitambaa, apate kuingia nyumba ya watu kwa heshima, akae, anywe, aseme. Akawaendea wote watatu. Wote wakakubali kwa furaha, wakampa siku. Kisha, jamani, visa vikaanza.

Wa kwanza ndiye Jenoveva na kuku wake. Siku ya Esta ilipofika, Esta alimpokea nje ya ua, kitambaa kimefungwa kichwani kama mgonjwa.

"Shoga yangu, nimeota vikombe vyote vimepasuka. Vyote! Na bibi yangu alituonya, ukiota vikombe usiite watu nyumbani mpaka mwezi uandame upya."

"Pole sana. Na wewe kichwa kinauma?"

"Kichwa?" Esta akajigusa kitambaa, kama vile alikuwa amekisahau. "Aa. Ndiyo. Nacho."

Kwa Rehema ilikuwa mbuzi. Mbuzi ameingia ndani mchana kweupe akala pazia la mlango wa chumbani, lote, na pindo lake. "Sasa nyumba iko uchi, dada Yunis. Wageni watakaa hapa wanatazama kitanda changu na cha baba Juma? Si aibu hiyo?" Yunis akamwambia anacho kitambaa kapuni kinachofaa kuwa pazia, atampa bure. Rehema akasema mbuzi mwenyewe bado hajashiba.

Alijaribu tena mzunguko wa pili. Jenoveva akasema sakafu imepigwa samadi na haikauki, na kweli sakafu ya Jenoveva ilikuwa ya saruji tangu Nathanaeli yu hai, ndiye aliyeichanganya. Esta akasema saa ya ukutani imesimama, hivyo hawezi kuwaambia watu waje saa ngapi. Kwai nzima, watu walioamka na jogoo na kulala na kuku maisha yao yote, leo hawajui saa! Rehema yeye akatoa mpya kabisa: mbwa wao amefiwa. Mtoto wa mbwa amekufa, mama yake hataki kuona wageni wakicheka.

Mwanzoni Yunis alikuwa akivihesabu visa hivyo jikoni kwake, akimsimulia Nathanaeli kwa sauti kama zamani. "Mbwa amefiwa, baba! Sijui niende na rambirambi?" Alikuwa akicheka hadi anashika mbavu. Siku moja alicheka hivyo, akageuka kutazama kama na mwenzake anacheka, akakiona kigoda chake kitupu. Akakaa chini pale pale kwenye majivu, akalia kilio ambacho hata msibani hakukilia.

Kwa maana mtu akikudanganya vizuri, angalau amekuheshimu, amekaa, amefikiri. Uongo wa kuku na pazia ni uongo wa kumfukuzia mtoto. Wananiona nuksi, Yunis alisema moyoni. Mjane, na tumbo lake halikuwahi kubeba, nani anataka kikombe chake kiguswe na mkono huo? Au Kornelio ameshapita kwao, ameshawalisha maneno. Kila alipogeuza jambo hilo liliuma upande mpya.

Alhamisi kabla ya Jumapili ya Mavuno alikuwa akitoka kuteka maji. Akamwona Esta anapita ua wa Jenoveva kwa nyuma, haraka haraka, ameficha kitu chini ya khanga. Kitambaa cha kichwani hana. Nyuma yake akaja Rehema, naye amekumbatia kifurushi kidogo kifuani, anatazama huku na huku. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, mkono wa Jenoveva ukawavuta ndani, mlango ukafungwa. Kuku mwekundu alikuwa amesimama juu ya banda. Baada ya muda moshi wa jiko ukatoka, na sauti ya wanawake watatu wakicheka.

Yunis alisimama na ndoo kichwani mpaka maji yakaanza kumchuruzika shingoni. Kumbe kikao kipo. Wasiyemtaka ni yeye.

Jumapili ya Mavuno kanisa lilijaa kabichi, viazi, peasi na mikungu ya ndizi, na watu waliimba kwa nguvu japo mwaka wenyewe ulikuwa mgumu. Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha, na nchi nzima iliambiwa ifunge mkanda. Jenoveva alimpungia mkono kutoka benchi la mbele, akimwashiria kwamba ana jambo la kumwambia. Yunis aliinamisha uso kwenye kitabu cha nyimbo. Ibada ilipokwisha alitokea mlango wa pembeni.

Ukoo ulikaa barazani kwa mzee Mikaeli. Kornelio alikuwa amevaa koti.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Karibu." Mzee alitazama nyuma yake, kule njiani. "Wako wapi wenzako?"

Yunis alikuwa ameyatafuta maneno tangu Alhamisi na hakuyapata. "Sina mtu, baba."

"Labda wamechelewa. Tunaweza kungoja."

"Hawaji."

"Hata mmoja?" Sauti ya mzee ilikuwa ya kubembeleza, kama anayemsukumia mtu kiti. "Jenoveva je? Nimtume mtu akamwite sasa hivi? Ni hapo tu."

Ilikuwa hapo tu. Yunis aliiona njia yote, ua uliofagiwa, mlango, mikono miwili imeushika mwimo huu na ule. Akafikiria Jenoveva aitwe mbele ya ukoo mzima, aje na kisa kingine cha kuku, na Kornelio asikie. Hapana. Bora kufukuzwa kuliko hilo.

"Usimsumbue mtu," alisema. "Hata mmoja, baba. Sina."

Mzee Mikaeli alivua kofia, akaiweka gotini. Neno alikuwa amelitoa mbele ya ukoo, na neno la mkuu halirudi mdomoni. Akatamka kwamba Yunis atapanda gari la Mtae Jumanne.

Kornelio hakungoja Jumanne. Jumatatu asubuhi walikuja na mkokoteni wakachukua viti, meza, na matetea yote katika tenga moja. Yunis hakuwazuia. Alibaki ndani akifunga vikombe vyake kwa vitambaa, visije vikagongana njiani.

"Hodi! Hodi humu! Yunis we!"

Alitoka, akauvuta mlango nyuma yake. Alikuwa Jenoveva, amevaa khanga mpya, anahema kwa kukimbilia mteremko, uso wote unacheka.

"Jana ulinikimbia, wewe! Haya, leo ndiyo leo. Beba kapu lako. Esta na Rehema wamo kwangu, maji yanachemka."

Yunis alitazama pembeni.

"Usininunie, mwenzangu. Ngoja nikwambie, maana leo naweza." Jenoveva alisogea, akashusha sauti, ingawa uani hapakuwa na mtu. "Kuku gani, mbuzi gani? Sukari, Yunis! Sukari haikuwepo. Maziwa tunayo, majani tunayo, sukari duka la kijiji halijaiona tangu lini. Sasa nikukalishe wewe, mjane wa Nathanaeli, nikupe chai ya chumvi? Na kukwambia sina, ulimi ukakataa. Kumbe na Esta hivyo hivyo, na Rehema hivyo hivyo, kila mtu anajifia na aibu yake! Tulipoambiana tulicheka mpaka basi. Mbwa amefiwa, ee Mungu wangu! Alhamisi kila mmoja akaleta kwangu kijiko alichokificha kwa ajili ya mgonjwa, tukachanganya. Birika zima linakolea."

Alipomaliza alikuwa akifuta machozi ya kicheko kwa pindo la khanga. Yunis alimtazama tu. Mara ngapi alisimama mlangoni kwa huyu mwanamke! Neno moja tu lilitosha, pale pale kizingitini, na kapu kichwani kama mwizi au mwendawazimu: njooni Jumapili mnisemee. Wangekuja wakikimbia.

"Mbona hivyo?" Jenoveva aliuliza. "Umekasirika kweli? Basi nifungulie nikusaidie kapu."

Akaunyoosha mkono kwenye mlango. Nyuma ya mlango huo kulikuwa na sakafu tupu, alama za miguu ya meza, na mzigo mmoja uliofungwa kamba. Yunis alirudi nyuma hatua moja. Akashika mwimo huu kwa mkono mmoja, na mwimo ule kwa mwingine.

"Leo siwezi, dada Jenoveva," alisema. "Kuku wangu ameatamia."

Jenoveva akaangua kicheko, akapiga makofi, akainama akishika magoti. "Umenipata! Haki ya Mungu, umenipata!" Kisha akainuka, bado anacheka, na macho yake yakapita uani. Banda la kuku lilikuwa wazi, mlango wake umelala chini. Magurudumu ya mkokoteni yalikuwa yamechora udongo kutoka kizingitini hadi njiani, na kando ya alama hizo kulikuwa na manyoya machache.

Kicheko kilimwisha taratibu.

"Yunis," alisema. "Kuku gani?"

Yunis hakuiondoa mikono yake mlangoni.

"Chai inapoa, mwenzangu," Jenoveva alisema kwa sauti ndogo, wala hakusogea.