Siku Saba Bure za Shangazi

Inatangazwa kwa umma wote, wenye sauti na waliopotewa na sauti, wanaonong'ona vikaoni na wanaotetemeka wakipewa nafasi ya kusema neno msibani, kwamba mafunzo adhimu ya SIMAMA USEME yamefunguliwa rasmi mtandaoni, na kwamba kwa muda wa siku saba, bila malipo, bila masharti na bila ubaguzi, kila mwenye kinywa anakaribishwa.

Tangazo hilo lilitumwa asubuhi na mapema kwenye kundi la simu la ukoo. Jibu la kwanza lilitoka kwa Baba Mdogo, fundi wa majokofu: "Nani kachukua ngazi yangu?"

Majibu kumi na manne yaliyofuata yalihusu ngazi.

Kiranja, aliyelitunga tangazo lile neno kwa neno, aliitazama simu kama mtu aliyetemewa mate. Alikuwa na miaka kumi na sita, yuko likizo kutoka shule ya bweni, na jina la Kiranja alipewa kwa kejeli, maana cheo hicho alikishika siku tisa tu. Siku ya kumi aliiga sauti ya mwalimu mkuu kwenye kipaza sauti na kufuta vipindi vya jioni. Shule nzima ilikwenda kulala, walimu wawili wakiwemo.

Likizo hii alikuwa kwa shangazi yake, na hapo ndipo kazi ilipomkuta.

Shangazi alikuwa karani wa mahakama. Kwa miaka ishirini na sita alisimama mlangoni akiita kesi, na hakuhitaji chombo chochote. Ilisemwa kwamba siku moja alimwita mshtakiwa aliyekuwa ng'ambo ya barabara akinyolewa, na mtu huyo akaja mbio na povu la sabuni kidevuni. Mashahidi waliokuwa wakitetemeka aliwakalisha kwenye benchi la nje. Hakuwafundisha la kusema, hilo ni kosa, aliwafundisha kusikika. "Meza mate. Tazama ukuta. Sasa nipe jina lako kama unalidai." Halafu mahakama ikafungiwa kioo kinachoandika namba za kesi kwa taa nyekundu, na Shangazi akapewa cheti, saa ya ukutani na mkono wa kwaheri.

Hakukubali kukaa kimya. Stoo ya nyumba aliigeuza chumba cha kurekodi: godoro dirishani, mablanketi ukutani, kabati wazi ili makoti yanyonye mwangwi. Jokofu lilizimwa kila aliporekodi, na siku moja likasahauliwa, nyama ikaharibika, wakala mboga siku tatu bila mtu kuthubutu kulalamika. Yakapatikana masomo saba, moja kwa kila siku, na baada ya kila somo mwanafunzi alitakiwa kutuma sauti yake ya nusu dakika, naye Shangazi angemjibu.

"Wewe utashughulika na mambo ya ndani ya mtambo," alimwambia Kiranja. "Nani kajiandikisha, nani kasikiliza. Mimi niletee sauti tu."

"Na kama hazitakuja?"

"We mtoto! Ni bure. Kitu cha bure kinakosaje watu?"

Walijiandikisha arobaini na mmoja: ukoo, majirani, makarani wenzake wa zamani. Siku ya kwanza Kiranja alifungua ukurasa wa ndani, ule unaoonyesha kila mtu kasikiliza kwa muda gani. Akashuka nao hadi chini, akapanda nao hadi juu. Sifuri. Sifuri. Sifuri. Arobaini na moja, zimepangana kama mayai.

Na mchana huohuo Baba Mdogo akaandika kundini, na maua matatu mbele ya maneno yake: "Hongera dada! Somo la kwanza limenigusa sana. Nimejifunza mengi."

"Limekugusa wapi?" Kiranja aliiuliza simu. "Sekunde sifuri! Limekugusa wapi, Baba Mdogo, kwenye ngazi?"

Lakini Shangazi alikuwa ameshausoma ujumbe, na uso wake ulikuwa umefunguka kama dirisha. Wengine nao wakaona njia rahisi. "Mashallah, sauti kama kengele." "Tuko pamoja, mwalimu." "Somo zito hili." Hakuna aliyebonyeza hata somo moja. Kiranja alikuwa mwongo mzoefu, mwongo mwenye heshima zake, aliyeupanga uongo wake kwa jasho. Kuona watu wazima wanadanganya kivivu namna ile kulimchefua.

Siku ya pili Shangazi alikaa mezani tangu asubuhi, simu mbele yake, kalamu mkononi, akisubiri sauti za kusahihisha. Alikuwa amepiga mistari kwenye daftari: jina, pumzi, herufi zinazomezwa, ushauri. Saa sita ikapita, na saa tisa.

"Wamefika wangapi?"

"Wanafika, Shangazi."

"Labda mtandao."

"Labda."

Akafunga kalamu. "Au sauti yangu imezeeka, ndiyo maana walileta kile kioo. Ulishawahi kufikiria hivyo?" Akauliza kama mtu anayeuliza bei ya sabuni, huku akiufuta mstari ambao haukuwa na kosa.

Kiranja akainuka. Akaenda bafuni, akafunga mlango, akafungulia bomba kidogo, akajiandikisha upya kwa jina jingine. Kisha akashusha koo hadi tumboni.

"Mwalimu, shikamoo, ingawa nadhani mimi mkubwa. Mimi ni mlinzi wa ghala la saruji. Binti yangu anaolewa, natakiwa niseme mbele za watu, na mimi miaka yote naongea na mifuko tu. Vumbi limenikaba. Nisaidie."

Akaingiza kikohozi katikati, kwa ustadi, akatuma.

Shangazi aliisikiliza sauti ile mara tatu. Halafu akaingia stoo, akazima jokofu, akamrekodia Mzee wa Ghala jibu la dakika kumi na moja. Alimwambia asipigane na kikohozi, akipe nafasi yake kama koma. Alimwambia mtu anayezoea kuongea na mifuko ya saruji hana haja ya kuogopa wakwe, maana mifuko ndiyo hadhira ngumu zaidi. Alipotoka alikuwa anaimba.

Kuanzia hapo Kiranja hakuweza kuacha, na tuseme ukweli, hakutaka. Akazaliwa Mama Mapacha, anayenong'ona kwa kuwa watoto wamelala. Akazaliwa dereva wa lori, aliyerekodiwa mbele ya feni. Akazaliwa kijana wa duka la dawa asiyeweza kutamka jina la dawa hata moja. Kila mmoja akapata mstari wake daftarini. Shangazi alikuwa anawazungumzia mezani kama wapangaji. "Mama Mapacha leo kalala vizuri, pumzi imetulia." Kiranja alitafuna akiwa ameinamisha kichwa.

Wa tano alikuwa Bibi Mjuaji, na huyu alikuwa na sababu ya pekee. Somo la pili lilikuwa refu na la kuchosha, na mpwa hawezi kumwambia shangazi yake hivyo akabaki na masikio yote mawili. Bibi Mjuaji aliweza.

"Mwalimu," alisema kupitia puani, "somo la pili nimelisikiliza, nikasinzia, nikaamka, bado unavuta pumzi. Utazitoa lini?"

Shangazi alisimama, kiti kikaanguka.

"Kasinzia! Katika somo langu! Kapewa bure, hakutoa hata shukrani, anakoroma halafu ananipangia pumzi! Mahakimu hawakuwahi kusinzia nikiita, na mahakimu husinzia!"

"Mfute, Shangazi."

"Nimfute? Akasema nimemkimbia? Leta blanketi."

Alilirekodi upya asubuhi ile, kwa hasira tupu, na likatoka fupi, kali, la kusisimua. Kiranja, aliyekuwa ameshika taa, alisahau kuwa ni utani. Somo lile alilirudia mara nne peke yake, akiwa ametazama ukuta.

Siku ya tano ndipo mambo yalipogeuka. Ilikuja barua kutoka kwa Bibi Mkuu wa elimu ya watu wazima, mwanamke anayesimamia madarasa kumi na mawili. Amesikia habari za majaribio. Angependa kuyachukua mafunzo kwa madarasa yake yote. Atakuja siku ya saba, saa nne, na ombi lake ni moja tu: amsikie mwanafunzi mmoja akisema mbele yake, ana kwa ana.

Shangazi aliisoma barua akiwa amesimama. Alipomaliza akaisoma tena kwa sauti yake ya mahakamani, hadi jirani akaitika.

"Mzee wa Ghala," akasema. "Nani mwingine? Mwambie aje. Nitampigia pasi shati mwenyewe."

Kiranja akatazama mlango wa bafuni.

Jioni ile Mzee wa Ghala alituma sauti dhaifu: samahani sana mwalimu, vumbi limenizidi, sauti imekatika, hawezi kuja. Kiranja aliona amejiokoa. Alisahau kwamba siku moja kabla, kwa kunogewa, alimfanya Bibi Mjuaji amcheke mzee kwenye ukurasa wa darasa, mbele ya wenzake wote, kwamba anakohoa kama pikipiki isiyowaka. Shangazi, alipoisikia sauti ile kesho yake, hakusahau.

"Vumbi? Vumbi hilo la miaka yote lije leo? Ni yule mwanamke! Kamvunja moyo mzee wa watu. Mtu anajitahidi, anapanda hatua kwa hatua, ana harusi ya mtoto wake, halafu linakuja domo lisilo na kazi linamcheka!" Macho yalikuwa yamemlowa. "Mimi anitukane, nimezoea. Yule mzee hapana. Namjibu leo, neno kwa neno, ajue kuna wakubwa wake."

"Shangazi, achana naye, kesho kuna mgeni."

"Lete vile vya masikioni. Vile vikubwa. Nataka nimsikie hadi meno."

Ilikuwa siku ya sita, mchana, jua limepiga kwenye godoro la dirishani. Shangazi alivaa vipokea sauti, akafumba macho, akamsikiliza Bibi Mjuaji kuanzia mwanzo. Kalamu ilikuwa inakwenda. Kisha ikasimama.

Akarudisha nyuma. Akasikiliza mwisho. Akarudisha tena.

Akaacha Bibi Mjuaji, akamfungua Mama Mapacha, mwisho wake tu. Akamfungua dereva, na kijana wa dawa. Mzee wa Ghala alimwacha wa mwisho, na kabla ya kumbonyeza alikaa kidogo na kidole hewani.

Halafu akavua vipokea sauti.

"Kiranja. Shuleni kwenu, mtu akimaliza kusema mbele ya gwaride, anafanyaje?"

Swali lilikuwa dogo, na Kiranja alilijibu kabla ya kulifikiria. "Anagonga visigino, Shangazi. Mara moja. Halafu anarudi mstarini."

"Mara moja."

"Ndiyo."

"Mzee wa Ghala anagonga visigino," Shangazi akasema. "Mama Mapacha watoto wamelala, anagonga visigino. Dereva yuko kwenye lori, sijui anasimamia wapi, anagonga. Na yule mwanaharamu anatukana, anamaliza, anagonga." Sauti haikupanda hata kidogo, na hilo ndilo lililotisha. "Kwenye vigae. Vigae vya nani?"

Kiranja alifungua mdomo akatafuta mtu wa kumtuma. Angekuja nani? Mzee alikuwa mgonjwa.

"Nimelia," Shangazi akasema. "Mimi, mtu mzima, nimekaa hapa nimemlilia mtu ambaye hayupo. Nimepiga pasi shati! Unajua nimepiga pasi shati la marehemu mume wangu, limuenee mtu uliyemtengeneza bafuni? Na kesho saa nne namweka nani mbele ya mgeni? Bomba?"

"Shangazi, mimi..." Ilitoka sauti ya kijana wa duka la dawa. Kiranja akajaribu tena, ikatoka ya Bibi Mjuaji.

"Usinichezee!" Sasa ilipanda, ile yenyewe, ile ya ng'ambo ya barabara, na makoti yote kabatini hayakuweza kuinyonya. Alimshika mpwa wake mabega, akamgeuza kwenye ukuta wa mablanketi. "Simama hapo. Meza mate. Useme kwa sauti yako wewe, au usiseme kabisa."

Kiranja akameza mate, akatazama ukuta, akasema:

Shangazi, ni mimi.

Wote watano ni mimi. Nilianza kwa sababu ulifunga kalamu, halafu nikanogewa, na pale nilipomcheka mzee nilikuwa nimesahau kwamba wewe unampenda. Na hilo silo baya zaidi. Umeuliza kila siku wamefika wangapi, nami nikasema wanafika. Hawafiki. Hakufungua mtu. Baba Mdogo hakufungua, aliyeandika kengele hakufungua, makarani wenzako hawakufungua. Arobaini na moja, sekunde sifuri, tangu siku ya kwanza. Waliandika maua tu. Mimi nimekudanganya, lakini mimi angalau nimekusikiliza, masomo yote, na lile la pili nimelirudia hadi nalijua, na si kwa utani.

Kesho sina mzee wa kumpa mgeni wako. Niko mimi tu. Akija nitasimama, nitamweleza yote haya, la ngazi, la bafuni, na kwamba hakuna aliyejaribu mafunzo yako isipokuwa mtoto mmoja mwongo, na kwamba yule mtoto sasa anasema bila kujificha nyuma ya mtu. Asipoyachukua, kosa ni langu. Nisamehe, Shangazi.

Niliyasema haya nikiwa nimekazia macho blanketi, kwa sauti niliyokuwa siijui vizuri, nyembamba, yenye mikwaruzo. Nyuma yangu niliusikia ukurasa wa daftari ukifunguliwa, na kalamu.

"Nusu umeimeza," akasema Shangazi. "Rudia."

Nikarudia.