Dume la Shukrani

Baba mkubwa Masele hajawahi kukesha na mgonjwa, lakini akisimama mbele ya watu huongea kana kwamba figo aliziumba yeye. Jumapili ile alisimama uani kwetu Kasoli, kofia mkononi, akatangaza kwamba mama yangu, Maximiliana, amepona. Watu wakapiga vigelegele. Walikuwa wameona dume limefungwa kwenye nguzo ya zizi, na watu wa kwetu wakiona dume limefungwa watashangilia hata habari ya msiba.

Mama alikuwa kwenye kiti cha plastiki, anahema kwa mdomo. Miguu ilikuwa imevimba tena, kandambili haziingii. Shingoni alikuwa bado na ule mpira wa kupitishia damu aliowekewa Mwanza. Baba mkubwa aliufunika kwa mtandio. Alisema unatisha wageni.

Mimi ndiye niliyemuuguza mama huko Mwanza. Bariadi walituambia figo zake zote mbili hazifanyi kazi, tumwahishe kwenye mashine ya kusafisha damu. Alikwenda amelazwa kiti cha nyuma, uso umemvimba. Baada ya kusafishwa mara chache akatembea mwenyewe hadi stendi. Muuguzi alituambia mimi na baba mkubwa, taratibu, kwa Kiswahili ambacho hata mtoto angeelewa: mashine haiponyi, inafanya tu kazi ya figo, na mgonjwa anasafishwa kila wiki maisha yake yote. Tulirudi nyumbani ili tuuze ng'ombe tupate hela za kumrudisha, basi.

"Ndiyo, sista," baba mkubwa aliitikia huku anaangalia mlango.

Alichoelewa ni kwamba mtu ameingia amebebwa, ametoka anatembea. Kwake huko ndiko kupona, na aliyepona anafanyiwa shukrani. Wiki nzima akazunguka anaalika watu. Wiki hiyo mama hakusafishwa.

Mimi kuongea mbele ya watu siwezi. Shule niliachia darasa la tano, na wageni wakija huwa najificha jikoni. Kwa hiyo asubuhi ile nilimvizia baba mkubwa nyuma ya zizi.

"Baba mkubwa, dume hili tuliuze leo, mama arudi Mwanza."

"Eva, unataka kunivua nguo? Nimeita watu mpaka wa Sola."

"Mama hapumui vizuri."

"Ni furaha hiyo. Furaha nayo inachosha."

Akaenda kupokea wageni, tumbo mbele.

Jirani yetu Veronica alikuwa wa kwanza kumkaribia mama. Alishika kibuyu cha maziwa ya mgando. "Mwadila, mayu!" akamsalimu kwa Kisukuma. "Kunywa haya, damu irudi!" Mama alikuwa amekatazwa kunywa ovyo, kwa sababu maji hayamtoki. Nilikichukua kile kibuyu mkononi mwake.

"Mnamwona huyu?" Veronica akawaambia wenzake. "Anamnyima mama yake maziwa. Watoto wa siku hizi ni wachawi."

Wenzake wakatikisa vichwa. Hakuna hata mmoja aliyeitazama miguu ya mama. Walikuwa wanatazama dume.

Ndipo akaja Ngeleja na pikapu yake. Ngeleja ananunua ng'ombe na kuwauza mnadani, ila siku hiyo aliitwa kuchinja. Nikampelekea maji ya kunawa. Nikamwambia kwa sauti ya chini, macho yangu kwenye beseni, "Ukilinunua likiwa hai, utatufikisha stendi Bariadi?"

Ngeleja akacheka kwa nguvu. "Masele! Huyu binti ananiuzia mboga ya wageni wako!"

Ua wote ukacheka. Nilitamani ardhi inimeze pamoja na beseni.

"Ng'ombe wa ukoo hauzwi na mtoto wa kike," baba mkubwa akasema.

"Ni mahari yangu hiyo," akadakia dada yangu Nyanjige, aliyekuja kutoka kwa mumewe Maswa.

"Nyamaza," baba mkubwa akamkata, akamgeukia mama. "Shemeji, waambie wewe mwenyewe. Umesafishwa, hukusafishwa?"

Mama alihema kidogo, akamwangalia.

"Shemeji, hizi ng'ombe zako unazipeleka josho kila wiki. Kwa nini? Si ulizipeleka mwaka jana?"

"Kupe wanarudi," baba mkubwa akajibu upesi. Mambo ya ng'ombe hakuna anayemshinda.

"Na mimi uchafu unarudi kwenye damu. Umeniogesha safari moja, ukaniitia watu."

Kisha wazee wakaanza kunong'ona: kumbe ni kama josho! Mbona hatukuambiwa? Ukikosa josho wiki mbili umekwisha! Muuguzi aliyesomea kazi yake hakueleweka, mimi niliyemuuguza sikueleweka. Ilibidi mama awe ng'ombe ndipo waelewe.

Baba mkubwa aliwaangalia, akaona upepo umegeuka, akavaa kofia. "Ndicho nilichokuwa nasema tangu asubuhi! Vijana, lipandisheni!"

Ngeleja akakubali kulinunua, dume likapandishwa kwenye pikapu. Mama akakaa mbele, na mimi nikakaa nyuma, pembe zikinigusa bega. Baba mkubwa naye akapanda na koti lake la sherehe, na kila tulipopita watu alipaza sauti, "Namwahisha shemeji yangu!" Wageni tuliwaacha na sahani zao, wanamuuliza Nyanjige kama wali utapikwa angalau na maharage.

Mwanza muuguzi alitugombeza sana. Baba mkubwa aliniangalia mimi, kana kwamba mwenye kosa ni mimi. Mama alifungwa kwenye mashine, na kabla saa ya kwanza haijaisha akaacha kuhema kwa mdomo, akalala. Baba mkubwa hakungoja aamke. Alipanda basi kurudi kusimulia alivyomwokoa.

Nilitoka nje nikampigia Ngeleja.

"Nenda nyumbani ukamchukue na yule jike mwekundu, mama asafishwe na wiki ijayo. Nyanjige atakufungulia zizi."

"Masele anajua?"

"Basi lake bado halijafika hata Lamadi," nikamwambia. "Wahi."