Nihai

Uvumi niliusikia kwa jirani yetu hapa Al-Murabba: mwenye pumu akipanda ndege, kifua humfunga huko juu, asishuke mzima. Nikaucheka mbele za watu. Nikiwa peke yangu, uliniganda kama kupe.

Binti yangu Wahida alikuwa na miaka kumi na tisa, na baridi ya Riyadh ilimkaba kila mwaka. Daktari alishauri apelekwe penye bahari na joto. Siku hizo fedha ya mafuta ilidondoka hata mikononi mwa mafundi kama baba yake, na ikatangazwa meli ya matembezi kutoka Jeddah, wiki tatu, visiwa na fukwe zake, hadi Shelisheli. Nikang'ang'ania meli. Shangazi yake Mwanamize, mkaazi wa Bani Malik huko Jeddah, alikubali kumsindikiza, akinitania kwamba mie naogopa hata kuku akiruka.

Karani wa kafili, mdhamini wa mume wangu, alifuata pasi nyumbani. Baba Wahida alikuwa jangwani kwenye mabomba ya mafuta. Karani yule alizoea kuturushia Kiswahili cha kuokota. Nikiwa nyuma ya mlango, akauliza, "Wahida, nihai?"

Nikadhani anamjulia hali mgonjwa, ila kakosea kusema yu hai. Moyo ukanilainika.

"Naam," nikamjibu. "Alhamdulillahi, ni hai."

Bandarini Jeddah, nilikowasindikiza, afisa alimrudishia Mwanamize kijitabu cha ikama, ile ruhusa ya kuishi nchini. Cha Wahida akakitia mtotoni mwa meza.

"Mama, changu mbona kabaki nacho?"

Mwanamize akausoma muhuri wa pasi, uso ukamshuka. Nihai, alisema, ni kutoka kwa mwisho, kusiko na kurudi. Nikamweleza afisa kwa Kiarabu changu cha kubabaisha kwamba mtoto anaumwa, anakwenda kupunga upepo tu. Hakunikaripia.

"Halas, mama," alisema, yaani yamekwisha.

Kubaki hakuwezi, kurudi hakuwezi. Wahida akapanda ngazi ya meli akihema vizuri kuliko siku zote, nami nikafurahi, kisha nikaona haya kwa kufurahi.

Huu mwezi wa tano tangu aondoke. Baba yake bado anazunguka maofisini na maombi ya kumrudisha.

Basi wewe mwenye mtoto:

Usitoe pasi baba hayupo.
Usizungumze na mtu wa karatasi nyuma ya mlango.
Usiitike neno ulilolisikia nusu.
Usione haya kuuliza mara ya pili.
Usimtandikie kitanda kila asubuhi.