Marakuja Kwenye Shamba la Kuazima

Habari za Nizigiyimana, mkimbizi mwenzake, kufukuzwa Swima zilimkuta Kezimana sokoni Lweba, akiwa ameinama juu ya fungu la ndagala, wale dagaa wa ziwani. Watu walisema wenye shamba walikuta michikichi mitatu imejificha kando ya mihogo yake, wakamwambia atoke siku hiyo hiyo. Mihogo yenyewe ilikuwa haijang'olewa. Kezimana aliziacha ndagala palepale, akarudi nyumbani bila hata kuaga. Yeye hakupanda mchikichi, lakini alipanda marakuja, yale matunda ambayo wengine huyaita pasheni.

Anayecheka hajawahi kulima udongo wa watu. Huko Lweba na Swima, aliyeazimwa shamba hulima mahindi, maharagwe, mihogo, vitu vya kuvuna na kuondoka. Kinachodumu, mchikichi au mparachichi au kahawa, ni haki ya mwenye udongo peke yake. Ukikipanda wewe, umeshasema bila kufungua mdomo kwamba hutaki kuondoka. Haya, na marakuja je? Ni jani au ni mti? Hapo ndipo Kezimana alipokosa raha.

Mwenye shamba, mzee Bonaventure, alimpa ruhusa. Hilo lilikuwa kweli tupu. Alikuja siku moja na fimbo yake, akaiona miche miwili ndani ya kopo, akacheka. "Panda, Mama," alimwambia. "Iyi ni kamba tu. Ikizaa utaniletea, nikunywe maji yake." Lakini siku hiyo walikuwa wawili tu, na kuku. Sasa mzee alikuwa amelala kaburini kwa miezi mitano, na mashamba yake yalikuwa mikononi mwa mwanawe Guy, mwalimu wa mji wa Baraka, na mdogo wa marehemu, Papa Eddy. Hao ndio waliomtoa Nizigiyimana. Alhamisi, watu walisema, watakuwa Lweba.

Na marakuja yenyewe, kama kwa kumkomoa, ilikuwa imependeza kuliko wakati wowote. Kezimana aliipanda miche yote miwili katika shimo moja, maana aliambiwa mmoja peke yake hauzai. Aliitengenezea uchanja wa mianzi, akaulekeza mmoja kushoto na mwingine kulia. Kila adhuhuri, maua yanapofunguka, meupe yenye nyuzi za zambarau, alikwenda kuchukua unga wa njano kwa kidole kutoka ua la kushoto na kuupaka ua la kulia, kwa sababu wale nyuki wakubwa weusi ni wachache upande ule. Juvénal, mumewe, kabla hajaenda kutafuta kazi ya uvuvi Ubwari, alikuwa akimtania. "Umekuwa mukunga wa maua?" Yeye alicheka, akaendelea na ukunga wake.

Jirani yake Nadège, mzaliwa wa palepale, hakucheka. Jumatano jioni alisimama mbele ya uchanja, mikono kiunoni.

"Mama Kezimana, neno ya mufu haina shahidi. Kata iyi kitu."

"Lakini alinipa ruhusa, Mama Nadège. Na mudomo yake."

"Mudomo iko wapi sasa? Batakuuliza, na utabajibu nini? Mi minakupenda, njo maana minakuambia."

Kezimana hakuwa mwoga wa kuzaliwa. Lakini mwaka ule walipokimbia Burundi aliacha nyumba, migomba, na mbuzi akiwa amefungwa kambani. Mtu aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona unyasi. Aliogopa, na alijua kabisa kwamba anaogopa.

Alhamisi kulikuwa na mawingu na manyunyu. Mnamo saa nne asubuhi alichukua panga, akapiga magoti, akakata mashina yote mawili chini kabisa. Yalikuwa manene kama dole gumba. Kisha akaanza kuuvuta mmea kutoka kwenye uchanja, aufiche porini kabla ya wenyewe kufika. Haukukubali. Vile vikono vyake vyembamba vilikuwa vimeikaba mianzi kwa nguvu, kila kimoja kilitaka kufunguliwa peke yake. Alifungua, akafungua, machozi yakimtoka kwa hasira. Adhuhuri ilimkuta amemaliza upana wa mkeka mmoja tu. Juu yake maua yalianza kufunguka, maana yalikuwa hayajapata habari.

"Mama, tunaweza kuingia?"

Alikuwa Guy, kiatu kimejaa tope, na nyuma yake Papa Eddy, mzee mrefu asiyependa maneno mengi. Kezimana alisogea, akakanyaga visiki viwili vya marakuja, akashusha kitenge mpaka kwenye vidole.

"Karibuni, Papa Guy. Karibu, Papa Eddy."

Walizunguka mihogo. Wakatazama maharagwe. Kisha Papa Eddy akasimama mbele ya uchanja, akanyoosha kidole.

"Na iyi? Iyi inadumu."

Kezimana alishika mwanzi wa uchanja. Guy ndiye aliyejibu.

"Baba mudogo, iyi Papa alituambia. Siku zake za mwisho alikuwa anauliza kila asubuhi, marakuja ya Mama Kezimana imeisha kuzaa? Yule wa Swima alipanda kwa kuiba. Uyu aliomba."

Papa Eddy aliokota kijiti, akakitafuna.

"Kama ndugu yangu alisema, imesemwa," alisema mwishowe. "Basi, Mama, kamba iyi njo shahidi yako. Ikiwa nzima, hakuna muntu atakugusa. Siku itakufa, tutaongea tena."

Kezimana alivikanyaga vile visiki kwa nguvu zaidi. Laiti angengoja! Laiti angeliamini neno la mzee aliyempenda, kuliko neno la soko! Majani ya chini yalikuwa yameshaanza kulegea. Angenyamaza, wangekwenda zao, lakini kesho yake Lweba nzima ingeuona mmea umekauka, na Papa Eddy angesema, huyu ametuchezea. Akainua mguu.

"Papa, imeisha kufa," alisema. "Ni mi niliikata. Leo asubuhi."

Guy aliinama, akagusa kisiki. Kilikuwa bado kinatoa maji.

"Juu ya nini, Mama?"

"Nilibaogopa."

Mwalimu yule alijifuta kidole kilicholowa maji ya kisiki. Alisimama akitazama viatu vyake kama mtoto aliyeitwa mbele ya darasa. Papa Eddy, kwa upande wake, hakuonekana kuguswa. Aliokota panga, akakata vipande vitatu vya marakuja, akavichomeka ardhini karibu na visiki, kimoja, viwili, vitatu.

"Sasa ni mi nimepanda, basi iko yetu," alisema. "We utaitunza. Ikishika, unabaki na shamba. Ikikataa, njo mwisho. Nitarudi kisha mwezi mbili."

Basi sikilizeni. Papa Eddy anajua michikichi, anajua mitumbwi, anajua kesi za mipaka za ukoo mzima. Marakuja haijui. Kipande kimoja alikichomeka kichwa chini. Vingine viwili aliviacha na majani yote makubwa, mahali pasipo kivuli, yavinyonye maji yote. Kezimana aliyaona yote hayo kwa macho yake, lakini nani atamfundisha mzee kupanda juu ya udongo wake mwenyewe? Alishukuru. Akashukuru tena.

Walipopotea njiani, alilirukia lile panga. Mmea mzima ulikuwa unanyauka, na kila dakika ilikuwa na maana. Alichagua matawi yaliyokomaa, akakata vipande ishirini, kila kimoja chenye macho matatu ya kuchipulia, akapunguza majani, akavipanda nyuma ya jiko, chini ya migomba, mahali ambapo hata Nadège hakuwa na sababu ya kupita. Akavifunika kwa majani makavu. Alitazama nyuma kama mwizi, na kweli alikuwa anaiba, ingawa hakuweza kusema anamwibia nani.

Kipande kilichopandwa kichwa chini kilikufa siku ya nne. Cha pili, siku ya tisa. Cha tatu alikimwagilia, akakikinga na jua kwa kipande cha turubai, akakisemesha Kirundi. Siku ya kumi na mbili kikawa kuni. Nyuma ya jiko nako mambo hayakuwa mazuri, vipande kumi na vinne vilioza kwa mvua. Kezimana alikonda. Kila pikipiki iliyotoka upande wa Baraka ilimsimamisha alipo. Ilipofika wiki ya tano, vipande sita vilivyobaki vilitoa vichipukizi vidogo, vya kijani kilichoiva, na kila kimoja kilikuwa kimeshatoa kikono cha kwanza, kikitafuta cha kushika.

Alichukua viwili vilivyo imara, akavihamisha pamoja na udongo wake hadi pale penye visiki. Vile vijiti vikavu vya Papa Eddy akavitupa motoni.

Wenye shamba walirudi siku mbili baadaye, mapema kuliko walivyoahidi. Papa Eddy alichuchumaa mbele ya vichipukizi, akavigusa, na kwa mara ya kwanza Kezimana akayaona meno yake.

"Guy, kuja uone! Mukono yangu! Tangu butoto, kitu nikipanda haikatae."

Guy alikuja. Alitazama vichipukizi viwili mahali palipokuwa na vijiti vitatu. Akatazama chini, udongo mweusi wa jikoni, umekaa duara ndani ya udongo mwekundu wa shamba. Kezimana alimwona akiona.

Guy alisogea, akiwa kama mtu anayetafuta pa kusimama, na kwa kiatu chake akausukuma udongo mwekundu juu ya ule mweusi, taratibu, mpaka duara likapotea.

"Kweli, baba mudogo," alisema. "Mukono yenu ni muzuri."

"Ikizaa, musisahau nani alipanda!"

"Hatutasahau," Guy alijibu, akimwangalia Kezimana.