Maneno Matano ya Selemani

Onesho la ngumi liliitwa Roma Newtown, kwa jina la mtaa wake. Wapiganaji waliingia wamevaa kofia za plastiki zenye manyoya mekundu, wakazivua, wakavaa glavu. Mchana ule wa Jumamosi ghala lilijaa watazamaji, na kila mara mpiganaji alipoyumba ulingoni waligeuza vidole gumba chini.

Paulina, daktari wa ulingo, alikuwa amesoma habari za Warumi wenyewe. Mapambano mengi hayakuishia kwenye kifo. Kulikuwa na mwamuzi mwenye fimbo, na majeruhi walikuwa na matabibu. Hilo halikumtuliza. Kengele ya kumaliza raundi ya nne ilipolia, Selemani, mmoja wa wapiganaji, alikwenda kukaa kwenye kona isiyo yake.

Mkewe, Nasra, alimrudisha kwa kumshika mkono. Mapumziko yalikuwa dakika moja tu.

Kabla ya pambano Paulina alimpa kila mpiganaji maneno matano ya kukumbuka. Asiyeweza kuyataja hainuki tena kwenye kiti.

"Kaka Selemani, nitajie yale maneno."

"Limau, ngazi, sabuni, jembe, kofia." Hakusita hata kidogo.

Nasra alitabasamu. "Umeona, dokta? Kichwa hicho kompyuta."

Paulina alitazama karatasi yake. Hayo yalikuwa maneno ya pambano la mwezi uliopita. Ya leo yalianza na mkate, na hakutaja hata moja.

"Nani kamfundisha haya?"

"Mimi." Taulo lilitulia mkononi mwa Nasra. "Tunayarudia kila asubuhi akinywa chai. Mara ile alisahau moja, ukakaribia kumsimamisha. Nilidhani ni hayohayo siku zote."

Thabo, mwandaaji, aliegemea kamba. "Eish, dokta, usiniharibie. Sekunde ishirini."

Paulina alimpungia mwamuzi mikono: basi. Watazamaji walipoelewa, vidole viligeuzwa chini, safari hii vikimwelekea yeye.

Barabara ikiwa wazi, hospitali ilikuwa dakika kumi na moja. Gari la wagonjwa lilikwama nyuma ya teksi kwenye robot ya kwanza, zile taa za barabarani, king'ora kikilia. Selemani alilala akitazama dari.

"Baba Ilham, yataje tena," alisema Nasra.

"Limau. Ngazi." Midomo ilicheza. "Sabuni."

"Jem..." alianza Nasra.

"Usimsaidie, dada," alisema Paulina. Alishika kalamu, akatazama saa, akasubiri neno la nne.